Mzee anapopotea njia ya nyumbani

Katika ziara yetu ya Mbwera, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, tulikwenda kuzungumzia maji safi. Kikao kilipokwisha, mama mmoja alituomba tupite nyumbani kwake. Baba mkwe wake, mvuvi aliyeijua mito ya delta hata usiku, alikuwa ametoka alfajiri moja akisema anakwenda kutega, ilhali mtumbwi wake uliuzwa zamani. Vijana walimkuta kwenye mikoko, maji yakianza kujaa. Tangu siku hiyo, mama akienda shambani hufunga mlango kwa nje.

"Si kwamba simpendi," alituambia. "Lakini mpunga nao unaliwa na ndege."

Kamati mbili za usharika zimetuuliza kama ijengwe nyumba ya kutunzia wazee wa namna hii. Katika makala hii tunaeleza kwa nini tunaona kazi ianzie mahali pengine.

Ugonjwa huu ni nini?

Wataalamu wanauita dimensia. Ni hali inayoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo polepole. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Mwingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa baada ya kiharusi. Mgonjwa husahau mambo ya jana huku akikumbuka ya ujana wake, hurudia swali lile lile, hushindwa kuhesabu fedha au kupika chakula alichokipika maisha yote, na pengine hubadilika tabia. Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye ni kawaida ya uzee. Kupotea njia ya nyumba uliyoishi miaka 40 si kawaida.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya. Lakini si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wapo wazee, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayetangatanga usiku na kusema peke yake anaweza kushukiwa kirahisi.

Tahadhari moja: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, msiseme ni uzee. Huenda ni malaria, maambukizi mengine, upungufu wa maji mwilini, kushuka kwa sukari au dawa alizokunywa. Awahishwe zahanati, kwani mengi ya haya yanatibika.

Je, ni ugonjwa wa Ulaya tu?

Wengi wetu tulidhani hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Ulionyesha kuwa karibu 6 kati ya kila 100 wana ugonjwa huu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 3 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi hiyo inakua.

Kinga inaanzia kwenye presha

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Lilikadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, tumbaku, ulevi, uziwi na upungufu wa kuona usiotibiwa, upweke na elimu ndogo utotoni.

Kwetu shinikizo la damu lina uzito wa pekee. Huko huko Hai, karibu wazee 7 kati ya 10 waliopimwa walikuwa nalo. Halina maumivu, hivyo mtu hajui mpaka apate kiharusi. Kila mtu aliyefikisha miaka 40 apimwe, na aliyeandikiwa dawa asiache kwa kuwa anajisikia nafuu. Akina mama wanaopika ng'onda wailoweke kwanza ili kupunguza chumvi.

Matunzo bila jengo

Hai imetufundisha jambo lingine. Watafiti waliwakusanya wagonjwa katika vikundi vidogo kwa vipindi 14 ndani ya wiki 7. Katika vipindi hivyo watu huzungumza, huimba, hutegeana methali na kushika vifaa wanavyovifahamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezo wa kufikiri ukiongezeka na wasiwasi ukipungua. Kazi kama hiyo haihitaji umeme wala mashine. Mbwera wapo wanaojua kusuka ukili na kushona nyavu; mikono yao hukumbuka hata akili inapochoka.

Nyumba ya wazee ingemtoa mgonjwa mahali anapopajua, na mahali pageni humchanganya zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inaitambua familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makao kuwa njia ya mwisho. Lakini tukisema "familia" tuwe wakweli: mara nyingi ni mwanamke mmoja, mwenye shamba na watoto. Huyo ndiye wa kusaidiwa.

Tunachoomba

Kamati za usharika ziorodheshe nyumba zenye mgonjwa, bila kujali dini, na kupanga zamu za majirani ili mtunzaji apate nusu siku ya kufanya kazi zake. Wafadhili wetu tunawaomba vitu visivyopigwa picha nzuri: mashine za kupimia presha na betri zake, mafuta ya boti ya kufikisha dawa vijijini, na mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mbwera tulikaa na wazee wa mtaa, viongozi wa msikiti na manahodha. Manahodha walikubali kutompakia yule mzee, bali kumrudisha nyumbani kwa heshima. Majirani watatu waligawana siku za kukaa naye. Tuliporudi, komeo lilikuwa bado mlangoni, lakini siku tatu kwa wiki halifungwi. Tungependa kufikia siku zote saba.