Pingu ya Bamvua

Msomaji mmoja ameniuliza kama ni kweli ipo sayari ambako jua halichwi. Yaelekea ipo, tena ni jirani: Proxima b, iliyogunduliwa mwaka 2016, miaka ya nuru 4.2 kutoka hapa. Ilivyogunduliwa naruka. Raha iko katika namna nyota inavyoishika.

Proxima ni nyota ndogo nyekundu, na sayari yake imeisogelea hadi kilomita milioni 7 hivi. Sisi tuko milioni 150 kutoka kwenye Jua. Mwaka wa huko ni siku 11.

Nyota huuvuta upande wa karibu wa sayari zaidi kuliko upande wa mbali. Tofauti hiyo ndiyo hujaza na kupwesha maji, lakini hata mwamba huvimba. Sayari ikijizungusha upesi, ule uvimbe hutangulia mbele, nyota ikaurudisha. Ikawa breki! Mwamba unasuguana, unapata moto, mwendo unapungua, hadi uvimbe unatulia ukiikabili nyota. Ndivyo Mwezi wetu ulivyonaswa na Dunia. Na umbali ukipungua nusu, tofauti hiyo ya mvuto huongezeka mara nane.

Tuiiteje hali hiyo ya kunaswa? "Mfungo" utatupeleka kwenye Ramadhani. "Fungo" ni mnyama, tena ananuka. Mimi nasema pingu ya bamvua, na mabaharia wanisamehe.

Zamani Zanzibar na Lamu ngamia walisukuma vinu vya mafuta ya ufuta. Mchukue mmoja: kitambaa machoni, mti wa kinu ubavuni, anazunguka kutwa. Ubavu wa kushoto unaelekea kinu asubuhi hadi jioni. Wa kulia haujui kinu kikoje. Usiseme hajigeuzi. Fuata kichwa chake: kaskazini, magharibi, kusini, mashariki. Kila duara moja, amejigeuza mara moja kamili. Ubavu wa ndani unarukiwa na mafuta, wa nje unapigwa na upepo wa bahari, na hakuna siku watakayobadilishana zamu. Yaelekea Proxima b ndiyo huyo ngamia: upande mmoja adhuhuri isiyokwisha, mwingine usiku, na katikati utepe wa magharibi ya daima.

Ila kinu hiki hulipuka. Tarehe 1 Mei 2019, mwanga wa urujuanimno wa Proxima uliongezeka mara 14,000 kwa sekunde chache. Vipigo vya namna hiyo huangukia shavu lile lile, na kama sayari ina hewa, huichubua. (Zebaki iliponyoka pingu hii: hujizungusha mara tatu kwa kila miaka yake miwili. Huenda na Proxima b.)

Mwezi wa Juni, saa tatu usiku, tazama kusini. Utaona nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Ya kushoto, inayong'aa zaidi, ni Alpha Centauri. Proxima iko jirani yake, ila kwa macho matupu huioni.