Fedha ya Santuri: Mashine, Mkono na Katriji (Sehemu ya Tano)

Takwimu kutoka Marekani zimenifanya niahirishe mada niliyoahidi wiki iliyopita. Chama cha makampuni ya rekodi cha huko, RIAA, kilitangaza kwamba mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Santuri hazikuwa zimeizidi CD kwa idadi tangu 1987, na hazijashuka tena. Mpenzi yeyote wa santuri atafurahi. Lakini kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate ilipowauliza wanunuzi wa Marekani, ilikuta kwamba nusu yao tu ndio wenye mashine ya kupigia santuri walizonunua.

Gazeti moja lililoibeba habari hiyo liliwasikitikia wasio na mashine. Mimi nawahofia wenye mashine. Santuri inayokaa kwenye rafu bila kupigwa itamsubiri mtoto au mjukuu ikiwa nzima. Santuri inayopitiwa na sindano iliyoliwa, juu ya mkono mbovu, inachongwa upya kila inapopigwa, na kilichochongwa hakirudi. Wasomaji wa makala hizi wanakumbuka tulivyoueleza mfuo wa santuri, ule mtaro mwembamba ambamo sindano hupita, na jinsi uzani wa gramu mbili unavyogeuka shinikizo kubwa mno pale unapobebwa na ncha ya almasi isiyoonekana vizuri kwa macho. Sasa wengi wameuliza swali linalofuata: mwenye kiasi fulani cha fedha akigawe vipi kati ya mashine inayozungusha, mkono unaobeba, na katriji inayosoma?

Jibu langu linaanzia mwaka 1924, na naomba mnivumilie, kwa sababu nadhani nusu ya fedha inayopotea leo inapotea kwa kutokujua kilichoandikwa mwaka huo.

Compton Mackenzie, mtunzi wa riwaya, alikuwa ameanzisha jarida la The Gramophone huko Uingereza mwaka mmoja kabla. Ndani yake Percy Wilson akaandika kuhusu pembe ya sindano. Alianza na jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona bila kulitazama. Santuri ya asili inapochongwa kiwandani, chombo cha kuchonga husafiri kwa mstari ulionyooka, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Gramafoni ya nyumbani haifanyi hivyo. Mkono wake umefungwa mahali pamoja na huzunguka hapo, kwa hiyo sindano huchora upinde. Maana yake ni kwamba karibu santuri nzima sindano husimama ikiwa imepinda kidogo ndani ya mfuo, na kwa gramafoni nyingi za wakati ule kupinda huko hakukuwa kudogo hata kidogo. Vichwa vile vilikuwa na uzani uliozidi gramu 100, na sindano ya chuma ilitupwa baada ya kupiga upande mmoja tu. Fikiria uzani huo ukisukuma kuta za mfuo kwa upande.

Wilson alionyesha kwa jiometri ya shule kwamba dawa ipo. Kichwa kikunjwe kidogo kuelekea ndani, na mkono ufungwe mahali ambapo sindano, ukiivuta hadi katikati, itapita kidogo kile kijiti cha katikati badala ya kukomea kabla yake. Basi. Kosa la pembe likashuka na kubaki digrii chache, na bei ya mkono haikuongezeka hata peni moja. Watengenezaji walichukua muda mrefu mno kumsikiliza. Walikuwa wakishindana kwa mbao za thamani na nakshi za dhahabu kwenye makabati, na mteja alilipia hizo nakshi.

Msweden Erik Löfgren alirudi kwenye hesabu hiyo mwaka 1938, katika jarida la akustika la Ujerumani, akaonyesha jambo ambalo Wilson hakulifikia. Kosa la pembe halina madhara sawa kila mahali. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo kosa lilelile linavyozidi kuharibu sauti, kwa kuwa mfuo wa ndani ni mfupi. Pimeni wenyewe: santuri ya LP ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mfuo wa ukingoni hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 51 hivi kwa sekunde, na ule wa mwisho kwa sentimita 21. Muziki uleule unabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ndiyo sababu wimbo wa mwisho wa kila upande hukwaruza, na wengi humlaumu mpiga tarumbeta. H. G. Baerwald alichapisha matokeo yanayofanana huko Marekani mwaka 1941, na kutokana na kazi za watu hawa wawili tumerithi zile nukta mbili, moja milimita 66 kutoka katikati na nyingine karibu milimita 121, ambapo sindano iliyofungwa vyema husimama sawasawa na mfuo.

Nukta hizo huchapwa kwenye karatasi. Unaitoboa katikati, unaivisha kwenye kijiti, unashusha ncha ya almasi taratibu juu ya nukta ya kwanza, kisha unainama usawa wa meza na kutazama kama ubavu wa katriji unafuata mistari iliyochorwa. Ukikosa, unalegeza skrubu mbili, unasogeza kwa upana wa unywele, unakaza, unarudia kwenye nukta ya pili. Kazi hii inaweza kula jioni nzima na mwenye subira huimaliza. Asiyeifanya asije kuniambia kwamba katriji yake ya bei mbaya haina sauti.

Sasa tufike kwenye fedha zenyewe. Kwa miaka mingi ushauri wa madukani ulikuwa mmoja: weka fedha kwenye spika, mashine yoyote itatosha. Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Massachusetts, aliutikisa ushauri huo mwaka 1961 kwa mashine ya mkanda ambayo bamba na mkono wake vilikaa pamoja juu ya springi, mbali na mitikisiko ya mota na ya sakafu. Iliuzwa ikiwa na mkono wake kwa chini ya dola 100. Miaka ya mwanzo ya 1970 Ivor Tiefenbrun wa Glasgow akatoa Linn Sondek LP12, iliyochongwa katika karakana ya uhandisi ya baba yake, akaenda mbele zaidi. Alihubiri kwamba kilichopotea kwenye mfuo hakiwezi kurudishwa na amplifaya wala spika, hivyo fedha ianze kwenye mashine, ifuate mkono, kisha katriji. Alikuwa mtu wa maneno makali na aliwaudhi wengi, ila hoja yake ya msingi ni ya kweli na mimi naishikilia. Beringi ikilegea, bamba linayumba. Mota ikitetemeka, mtetemo unapanda hadi kwenye almasi, na almasi haijui kutofautisha mtetemo wa mota na wa gitaa.

Ninapotofautiana na wafuasi wake ni kwenye kukariri ngazi hiyo kana kwamba ni bei peke yake inayopanga vitu. Mwaka 1983 kampuni ya Rega ilitoa mkono wa RB300, bomba lake na kichwa chake vikiwa kipande kimoja cha aluminiamu iliyomiminwa, kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aliimudu. Watengenezaji wa mashine za bei kubwa kuliko za Rega yenyewe waliununua na kuufunga kwenye mashine zao. Ufundi ulikuwa ndani ya umbo.

Na kuna suala la kuoana. Kila katriji ina unyumbufu, yaani ulaini wa kile kijiti kinachobeba almasi, na kila mkono una uzani wake unaohisiwa pale sindano ilipo. Viwili hivi vikikutana huwa na masafa yao ya kuyumba. Kanuni ni rahisi: zidisha uzani wote kwa gramu na unyumbufu uliochapwa kwenye karatasi ya katriji, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 11, katriji na skrubu zake gramu 7, unyumbufu 15: unapata hezi 9.7. Hapo ni salama, juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda na chini ya noti ya mwisho ya besi. Lakini chukua mkono mzito wa gramu 25, ufunge katriji laini ya gramu 7 na unyumbufu wa 35. Unapata hezi 4.8, palepale santuri iliyopinda inapotikisa. Ni kama kufunga springi za baiskeli chini ya lori. Mkono unaruka, sindano inapoteza mfuo, na mwenye mali, aliyelipia vyote viwili kwa fahari, anatafuta sarafu ya kuweka juu ya kichwa cha mkono.

Sarafu hiyo nimeiona kwenye kumbi za dansi na kwenye sebule za watu wenye elimu zao, na kila mara inanichoma. Santuri nyingi za Afrika Mashariki za mzunguko wa 45, zile za studio za Nairobi, zilitolewa mara moja na hazikurudiwa. Pengine nakala iliyo chini ya sarafu ni miongoni mwa chache zilizobaki. Anayeiponda kwa uvivu wa kutofanya hesabu ya mistari miwili anaharibu mali ambayo si yake peke yake. Nawaomba pia vijana wanaohamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta, kazi ambayo naiheshimu sana: badilisheni sindano kabla ya kuanza. Almasi inayopiga kila siku huchoka baada ya saa 500 hadi 1,000, na mnachokihifadhi kwa sindano iliyokwisha ni kelele zake.

Kwa hiyo mgawanyo wangu, kwa anayenunua vyote vitatu, ni huu: katika kila shilingi 10, nunua mashine kwa 5, mkono kwa 3 na katriji kwa 2. Mashine na mkono hudumu miongo vikitunzwa. Sindano inaliwa, utainunua tena na tena, hivyo chagua ambayo utaweza kuibadilisha bila kukopa. Anayenunua mashine iliyokuja na mkono wake, kama wengi wetu, atenge robo ya fedha kwa katriji na asizidishe hadi amefanya hesabu ya hezi. Mwenye mashine nzuri tayari na fedha kidogo anunue sindano mpya na mizani ndogo ya kupimia gramu, kisha achape ile karatasi ya nukta mbili.

Mwenye santuri za zamani za 78 ana shauri lake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na mifuo ya santuri za aina ile inataka ncha ya karibu sehemu 75 za elfu ya milimita, mara tatu ya ile ya LP. Ncha ya LP huzama hadi chini ya mfuo na kukokota vumbi lililolala humo. Mtu huyu atafute mkono ambao kichwa chake hufunguka, awe na vichwa viwili, na akumbuke kurekebisha uzani kila anapobadilisha.

Wiki ijayo: amplifaya ya katriji, na kanuni ya besi na sauti za juu iliyokubaliwa mwaka 1954.