Kompyuta Ikizidi Uzito, Tusianze kwa Kuwaondoa Walinzi

Katika ofisi nyingi hapa Bujumbura karani huwasha kompyuta asubuhi, akaenda kuwasalimu wenzake, akarudi na kuikuta ingali yatafakari. Taarifa ya zamu yangojea kupigwa chapa na mkuu aidai. Ndipo hujitokeza mjuzi mmoja akashauri kwa sauti ya uhakika kwamba huduma zote za chinichini zizimwe, nayo mashine itakimbia. Neno hilo "zote" ndilo litutialo wasiwasi.

Huduma za chinichini ni programu zifanyazo kazi bila kuonekana kwenye kioo. Ndugu zetu askari hawahitaji maelezo marefu hapa, kwani wajua kwamba kikosi si wapiganaji peke yao. Wapo wapishi, mafundi wa magari, watu wa mawasiliano na mlinzi wa lango. Tena nyingi za huduma hizo hulala mpaka ziitwe, na zikilala hazili kitu kikubwa. Kuzizima kumi zilizolala hakumwongezei karani hata dakika moja.

Basi kazi ya kwanza ni upelelezi. Kompyuta zetu nyingi huzungumza Kifaransa: bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Maj na Échap, na dirisha la Gestionnaire des tâches litafunguka, lionyeshe ni nani anayetumia prosesa, kumbukumbu na diski. Aghalabu mkosaji si huduma ya Windows hata kidogo, bali ni programu za muziki na za mazungumzo zilizojiandikisha zenyewe kuamka pamoja na mashine. Hizo zikatazwe, wala hakuna atakayezililia. Mara nyingine kumbukumbu ya GB 4 imejaa, na mashine yalazimika kuhamishia mizigo kwenye diski. Ikiwa diski yenyewe ni ile ya zamani izungukayo, subira ndiyo imeanza. Hapo kutia diski ya SSD kutaleta nafuu kuliko kuzima huduma ishirini. (Twajua kwamba fungu la fedha nalo lina maneno yake.)

Ziko huduma ziwezazo kujadiliwa. Windows Search huorodhesha mafaili ili yapatikane upesi. Ikizimwa, kutafuta kwaendelea, ila kwa kusuasua. SysMain huandaa mapema programu zitumiwazo mara kwa mara, na katika diski ya zamani yaweza kuishughulisha mno. Zijaribuni, moja baada ya nyingine, mkiwa na saa mkononi.

Spouleur d'impression, ipangayo kazi za kuchapa, ina kisa chake. Mwaka 2021 iligunduliwa kuwa na ufa ulioitwa PrintNightmare, na wataalamu wakashauri izimwe katika mashine zisizochapa. Sababu haikuwa mwendo; ulikuwa ni ulinzi. Lakini ofisi yenye printa ikiizima, hati ya kukamata mtu haitatoka kwenye karatasi.

Twafika sasa kwenye Windows Update na huduma za kupambana na virusi, ambazo ndizo huzimwa kwanza na wenye haraka. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo ikazuka WannaCry, programu iliyopenya kwa ufa huo, ikafunga mafaili na kudai fidia katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Urusi, yenye polisi chini yake, ilikiri kwamba kompyuta zake zipatazo 1,000 ziliambukizwa. Kiraka kilikuwapo kwa muda wa karibu miezi miwili, nacho mashine zisizokitia hazikuwa na ngao. Ikiwa shida ni kifurushi cha simu kinachomalizwa na masasisho, mtandao huo uandikwe kwenye mipangilio kuwa ni wa kiasi maalumu. Windows itaahirisha upakuaji mwingi hadi upatikane mtandao mpana.

Nayo Temps Windows, ilinganishayo saa, yaonekana ndogo. Lakini betri ya mashine kuukuu ikichoka, saa hupotea kila umeme unapokatika, na faili la maelezo ya shahidi likabeba tarehe ya mwaka mwingine. Wakili wa utetezi hatauacha mwanya huo.

Anayeamua kuzima huduma, kwanza asome ukurasa wa Dépendances aone ni zipi nyingine zinazoitegemea. Kisha aiweke kwenye Manuel kabla ya Désactivé, awashe mashine upya na kupima. Jina la huduma, hali yake ya awali, tarehe na jina la aliyeigusa viandikwe katika daftari la ofisi, ili atakayepokea zamu ajue pa kurudishia.