Kabla mwanao hajapanda skuta Unguja, mtazame anavyopanda pikipiki Bahi

Bahi. Mpunga ukishaingia ghalani na vyuo vikifungwa, makundi ya vijana kwenye WhatsApp huchangamka. Anayesoma Udom anatoa wazo, aliyepata kazi Dodoma mjini anaunga mkono, na wiki haijaisha wanne au watano wameshakubaliana: wanakwenda Unguja kwa siku nne. Huko hawatakodi gari, watakodi skuta.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, kijana anaweza kutoka Bahi kwa basi alfajiri, akapanda treni Dodoma na mchana akawa Dar es Salaam. Kutoka hapo, boti ya mwendo kasi humfikisha Unguja kwa takriban saa mbili.

Mzazi akiambiwa habari hiyo, kinachomjia kwanza ni bahari. Mtoto amekulia kwenye nchi kavu, ataweza mawimbi? Ni hofu yenye msingi, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo haitakuwa majini. Itakuwa barabarani, juu ya tairi mbili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hilo ndilo rika la kundi zima linalopanga safari.

Hii si sababu ya kumzuia kijana. Unguja ni kisiwa kinachofaa kuzungukwa kwa skuta. Kutoka mjini hadi Nungwi, kaskazini, ni kama kilomita 60. Hadi Paje, upande wa mashariki, ni kama kilomita 50, umbali usiopishana sana na ule wa Bahi hadi Dodoma mjini.

Kwa asubuhi moja, marafiki wanaweza kutoka Mji Mkongwe, wakapita Jozani kuwaona kima punju ambao hawapatikani porini kokote duniani isipokuwa Zanzibar, kisha wakafika Jambiani na kuwakuta kina mama wakivuna mwani maji yakiwa yamekupwa. Kesho yake wanaweza kwenda Kizimkazi kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Ni elimu ambayo mzazi angependa mwanawe aipate.

Swali ni namna ya kuipata na kurudi mzima.

Anajua pikipiki, hajui skuta

Vijana wengi wa vijijini wanajua kuendesha pikipiki tangu wakiwa sekondari. Kwa hiyo hujibu kwa kujiamini kwamba skuta ni kitu kidogo. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kwenye pikipiki ya gia, mkono wa kushoto hushika klachi na breki ya nyuma huwa kwenye mguu wa kulia. Skuta nyingi za kukodi hazina gia za kubadilisha. Mkono wa kushoto unakuwa ndio wenye breki ya nyuma, na mguu hauna kazi.

Mtu akishtuka, mwili hufanya ulichozoea. Mbuzi akikatiza barabara, kijana atakanyaga breki ambayo haipo huku mkono wa kushoto ukiminya kwa nguvu akidhani anashika klachi. Tairi la nyuma litajifunga, na kama kuna mchanga juu ya lami, ataanguka.

Tairi za skuta pia ni ndogo kuliko za pikipiki. Shimo ambalo pikipiki hulivuka kwa mtikisiko linaweza kuiangusha skuta. Barabara kuu za Unguja zina lami, lakini njia za kuingia fukweni nyingi zina mchanga na mawe ya matumbawe.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya kwanza, kabla ya kuingia barabarani, kila atakayeendesha atumie nusu saa mahali patupu akijifunza kuondoka, kukata kona na kusimama ghafla. Aliyezoea skuta ndiye abebe mwenzake. Anayejifunza aendeshe peke yake.

Kofia ngumu haianzii Unguja

Ubongo ni laini na umehifadhiwa ndani ya fuvu. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kusogea na kujigonga kwa ndani. Kofia ngumu hupunguza nguvu ya pigo hilo kabla halijafika kwenye fuvu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa waendesha pikipiki waliopata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini tabia haipandwi ndani ya boti. Kijana ambaye amekwenda sokoni Bahi kichwa wazi kwa miaka mitano kwa kuwa "ni hapa tu", hatakuwa mtu mwingine akifika Paje. Huko nako ufukwe utakuwa hapo tu, na chakula cha jioni kitakuwa hapo tu.

Ndiyo maana kazi ya mzazi huanza miezi mingi kabla ya nauli. Baba anayemfuata binti stendi bila kofia ameshatoa somo. Mama anayepanda bodaboda na watoto wawili, mshikaki, ameshatoa lingine. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, hata akiwa na miaka 22.

Kofia inayofaa hukaa sawa kichwani: ukitikisa kichwa haichezi, na mkanda ukifungwa vidole viwili tu ndivyo vinavyopita chini ya kidevu. Iliyopasuka, au iliyowahi kupata pigo kubwa, haifai tena. Abiria naye anahitaji ya kwake. Wanaoogopa kuambukizana mba au fangasi kwa kofia za kukodi wavae kitambaa safi ndani yake. Uoga huo usiwe kisingizio cha kuiacha.

Mwendo, nguo na jua

Kwenye barabara inayokatiza msitu wa Jozani, kima punju walikuwa wakigongwa na magari mara kwa mara. Yalipowekwa matuta, vifo vyao vikapungua. Kwa binadamu hesabu ni ileile. WHO inaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4.

Marafiki wakiwa kwenye skuta tatu, hatari huja pale wa nyuma anapokimbiza ili asiachwe. Wakubaliane mapema kwamba anayekwenda polepole ndiye atangulie, na wasimamie wapi kusubiriana. Simu ya ramani ashike abiria, si dereva. Aliyekunywa pombe asiendeshe, na usiku waache skuta wapande gari.

Nguo nazo zina mambo yake. Kanga, mtandio au baibui linalopepea linaweza kunaswa na tairi la nyuma, kwa hiyo lifungwe vizuri. Viatu vya kufunika mguu ni bora kuliko kandambili. Suruali ndefu huokoa ngozi mtu akiteleza, na humpa heshima akipita vijijini.

Upepo wa baharini humdanganya mtu asihisi jua wala kiu. Maji ya kunywa yawepo kwenye kila skuta.

Usimwache alale kwa "niko sawa"

Bomba la moshi huunguza ndama ya mguu wa anayeteremka bila kuangalia. Kwa kuwa kwenye skuta nyingi bomba liko kulia, ashukie kushoto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta havisaidii. Mchubuko uoshwe kwa maji na sabuni, na mwenye jeraha chafu aende kituo cha afya aulizie chanjo ya pepopunda.

Linalotisha zaidi ni pigo la kichwa lisiloonyesha damu. Kijana anaanguka, anainuka, anacheka kwa aibu na kusema yuko sawa. Wenzake, wasiotaka kuharibu safari, wanamrudisha nyumba ya wageni alale. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na dalili zikajitokeza saa kadhaa baadaye.

Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akiongea kwa shida au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Hata bila dalili hizo, aliyepoteza fahamu japo kwa muda mfupi lazima aonwe na daktari. Mjini kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja, kaskazini kuna Kivunge na kusini kuna Makunduchi. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe wala kuvuliwa kofia ovyo. Wapige 112 kuomba msaada.

Ya kumuuliza kabla ya kumpa nauli

Mzazi hahitaji kujua skuta ili aulize maswali mazuri. Nani kati yenu ana leseni ya pikipiki? Nani ataendesha na nani atabebwa? Bima ya skuta inalipia nini, na ikiharibika nani analipa? Kadi yako ya matibabu inatumika Unguja? Nani kwenye kundi ana namba yangu?

Kijana asisitiziwe kukagua breki, taa, honi na tairi kabla ya kulipa, apige picha skuta pande zote, na asome mkataba. Akikuta kofia mbovu aombe nyingine, na asipopewa aende kwingine.

Pengine njia bora ni kumnunulia kofia nzuri mapema na kumwambia aizoee hapa hapa, kwenye njia ya shambani na ya sokoni. Siku ya kuondoka, hatahitaji kukumbushwa kuifunga kwenye begi.