Karani ana cheti, mbona maziwa yangu yanarudishwa?

Msikilizaji, chukua mfano huu. Saa 12 asubuhi mama anafikisha ndoo yake kituo cha kukusanyia maziwa. Karani anatumbukiza laktomita, inasoma 27, naye anatikisa kichwa: "Mama, haya umeongeza maji." Kituo kinataka namba isipungue 28. Ndoo inarudi nyumbani, na hela ya siku hiyo imepotea.

Karani hana chuki naye. Amekaa semina siku mbili na cheti anacho. Shida ni namna alivyofundishwa.

Laktomita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa maziwa yakiwa nyuzi joto 20. Yakiwa na joto zaidi huwa mepesi, laktomita inazama na namba inashuka hata kama hayana tone la maji. Kwa hiyo kwa kila nyuzi moja juu ya 20, karani anatakiwa aongeze 0.2. Tuseme maziwa ya mama yana nyuzi 28. Zimezidi 8, ukizidisha kwa 0.2 unapata 1.6. Jumlisha na 27, ni 28.6. Yamepita! Na yaliyokamuliwa sasa hivi, yenye joto la karibu nyuzi 38, yaachwe yapoe kwanza ndipo yapimwe.

Ukumbini haya hayaonekani. Maziwa ya mfano yametoka kwenye friji, projekta inawaka, hakuna foleni wala gari linalopiga honi nje. Karani anajifunza kazi ambayo siyo yake. (Posho ya ukumbini ni tamu, tusidanganyane.)

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilijaa wafanyakazi wapya na muda wa kuwasomesha haukuwepo. Wasimamizi wakafunzwa kufundisha palepale kazini: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe huku akieleza, kisha rudi umkague. Semina zetu nyingi huishia kwenye kuonyesha.

Kwa karani wetu, mkufunzi angekuja kituoni alfajiri. Angechukua maziwa ya ndoo moja, sehemu ayaache yalivyo, sehemu ayatie maji makusudi, kisha anyamaze karani apime, asome kipimajoto na kupiga hesabu wakati foleni inasubiri. Baada ya wiki mbili angerudi kukagua daftari: joto linaandikwa, au ni namba ya laktomita tu?

Wanachama wa ushirika mnaweza kuyadai haya mkutanoni kabla ya kupitisha bajeti ya mafunzo. Ulizeni yatafanyika wapi, karani atashika nini mkononi, na nani atarudi kumwangalia.

Nawe mfugaji, ukiambiwa maziwa yana maji, omba kwa upole yapimwe joto kwanza. Kama kituo hakina kipimajoto, kamati ianze kununua hicho, semina nyingine ifuate.