Chumba cha Mama Mzee: Nyeupe au Kijani Hafifu?

Ramadhani inapokaribia, nyumba nyingi za mwambao hupakwa rangi upya. Aghalabu kazi huanzia sebuleni, kwa kuwa ndipo watakapoketi wageni wa Idi. Sisi leo twapenda wasomaji wetu waanzie kwingine: katika chumba cha mama mzee, ambaye macho yake yamepungua nuru, na ambaye hushinda humo akisali na kuvuta uradi.

Rangi mbili hupendwa kwa chumba kama hicho. Ya kwanza ni nyeupe. Katika nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zenye kuta nene za mawe na vichochoro vyembamba, mwanga ni adimu. Ukuta mweupe huupokea ule mchache na kuueneza chumba kizima, hata ndani ya zidaka. Ya pili ni kijani hafifu. Hii hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hivyo hufaa nyumba ya kisasa yenye madirisha mapana, ambamo jua likipiga ukuta mweupe huyaumiza macho, hasa yenye mtoto wa jicho.

Wako waipendao kijani kwa kuwa Qur'ani yataja mavazi ya kijani ya watu wa Peponi, na waipendao nyeupe kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alihimiza nguo nyeupe. Hayo ni ya mavazi. Ukuta tumeachiwa hiari, mradi tusifanye israfu.

Lililo kubwa zaidi ni rangi kupambanuka. Ukuta, mlango na swichi vikiwa vyeupe vyote, jicho dhaifu halitambui kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Mzee hupapasa, hujikwaa, pengine huanguka. Basi fremu ya mlango na ukingo wa kizingiti vipakwe rangi iliyokoza. Ukutani, rangi ya maji isiyong'aa ni bora kuliko ya mafuta, ambayo humrudishia mwako wa taa machoni.

Kabla ya kununua ndoo nzima, nunueni mikebe miwili midogo. Pakeni kila rangi mara mbili, karibu na dirisha na kwenye pembe ya giza. Zikikauka, zitazameni asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Kisha muulizeni mwenyewe ni wapi aonapo vizuri. Wageni wa Idi huondoka jioni. Yeye ndiye atakayeamka alfajiri kuutafuta mlango, akatawadhe.