Seva Chini ya Meza ya Mwalimu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikayumba. Kesho yake asubuhi nilikuwa katika chumba cha kompyuta cha sekondari moja ya kata. Kompyuta kumi na nane zimewaka, wanafunzi wawili wawili kwa kila moja, na kila skrini ina kile kiduara kinachozunguka tu. Mwalimu wa jiografia alikuwa ameweka notsi zake zote kwenye wingu. Kurasa kumi na mbili za maandishi matupu, alizochapa kwa mkono wake kwenye kompyuta ya pale pale konani, hazikufunguka kwa sababu makao yake yalikuwa ng'ambo ya bahari. Alisubiri robo saa, kisha akachukua chaki.

Tangu siku hiyo, shule ikiniuliza ianzie wapi kufundisha kwa kompyuta, jibu langu ni moja: anzeni na seva yenu wenyewe, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, ndani ya ua wa shule, yenye programu huria. Wingu lije baadaye, lipewe kazi linayoiweza.

Wingu ni majengo yaliyojaa kompyuta za watu wengine. Wao wanazipoza, wanazilinda na kuzilipia umeme; wewe unakodi nafasi. Kwa kampuni kubwa, majengo yaliyo karibu nasi yako Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua mwaka 2019 na Google mwaka 2024, na Cape Town, ilikoingia Amazon mwaka 2020. Ukiweka huko nakala ya matokeo ya wanafunzi, hata mwizi akibeba kompyuta zote usiku, matokeo yapo. Nimeona shule ikilia kwa kukosa nakala kama hiyo, kwa hiyo silidharau wingu hata kidogo. Tatizo linaanza pale somo la kila siku linapohamishiwa huko. Video ya dakika kumi ikifunguliwa kwenye mashine arobaini, inavutwa mara arobaini, na bando linakatwa mara arobaini.

Seva ya shule inaifuta hesabu hiyo. Haihitaji kuwa kubwa. Raspberry Pi, kompyuta isiyozidi kiganja, ikiwekewa kadi ya kumbukumbu na kuunganishwa na ruta ya kawaida, inatosha kwa darasa. Ndani yake unaweka Kolibri, programu huria ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotengenezwa makusudi kwa mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha. Unapakua masomo mara moja ukiwa mjini, kisha unabeba kiboksi hadi shuleni. Mwanafunzi anaingia kwenye waifai ya shule, anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva, na ukurasa unatokea, ukitaka kwa Kiswahili. Hakuna megabaiti hata moja iliyotoka nje ya ua. Nimemwona binti wa kidato cha pili akiirudisha nyuma video ya mgawanyiko wa seli mara nne, ameegemeza kidevu mezani, hana anayemharakisha. Mwalimu naye, kwenye ukurasa wake, anaona nani amemaliza zoezi na nani amekwama swali la tatu.

Sasa neno huria. Watu hulisikia wakadhani maana yake ni bure, na kosa hilo lina gharama. Huduma ya wingu inaweza kuwa bure leo na masharti yakageuka kesho: Google ilizipa taasisi za elimu nafasi isiyo na kikomo, kisha mwaka 2022 ikaweka ukomo, na vyuo vilivyokuwa vimejaza vikabaki vinafuta. Programu huria inakuja na msimbo wake wazi na leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Leseni ya aina hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya kuandikia na ya mahesabu yenye menyu za Kiswahili, bila kupiga hodi kwa kampuni yoyote kuomba kibali.

Kuna pia suala la mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za shuleni ni za mtumba. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine hizo hazina. Wengine hukimbilia kuweka Windows ya kuchakachua, ambayo mara nyingi huja na virusi, vikahamia kwenye flashi za walimu, vikaingia hadi kwenye mtihani wa muhula. Mashine hiyo hiyo ukiiwekea Linux nyepesi, mfumo endeshi ulio huria, pamoja na LibreOffice kwa uandishi na GeoGebra kwa hisabati, inaendelea kufundisha miaka kadhaa.

Ugumu upo, na mkubwa kuliko wote ni mtu. Nimewahi kukuta seva nzuri imefungwa miezi saba kwa sababu mwalimu aliyeijua alihamishwa akaondoka na nywila kichwani. Sasa siiachi seva shuleni kabla ya walimu wawili na wanafunzi wanne kuizima na kuiwasha mbele yangu, na nywila kuwekwa kwenye bahasha katika kabati la mkuu wa shule. Umeme nao: betri ndogo ya kuzuia kuzima ghafla ni ya lazima, maana umeme wa LUKU ukiisha katikati ya kazi kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika.

Ile sekondari ya kata ina seva yake sasa, chini ya meza ya mwalimu wa jiografia, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la chaki. Kila Ijumaa usiku, bando likiwa nafuu, inapeleka nakala ya notsi na alama kwenye wingu, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo ambao shule peke yake inao. Jumatatu asubuhi wanafunzi wanafungua notsi pale pale chumbani.